Kiwiko Changu Kinakimbilia Wapi?

Jumatatu, 4 Machi

Kocha amebandika tangazo. Anatafuta msaidizi wa kufundisha gofu darasa la wanawake, na safari hii hata sisi makedi, wabeba mikoba ya fimbo, tunaruhusiwa kujaribu! Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mashimo kumi na nane, mapigo yasizidi tisini. Nimejiandikisha mara moja, kabla sijapata muda wa kuogopa.

Miaka kumi na sita nabeba mikoba ya watu uwanjani hapa. Siku hizi bega la kulia linauma hata nikichana nywele. Nikikosa nafasi hii sijui nitabeba mpaka lini. Mume wangu kasema nijaribu tu, kwani kuna nini. Kwake kila kitu ni kwani kuna nini!

Tatizo langu ni moja. Kiwiko.

Jumanne, 5 Machi

Baada ya kazi nimepiga mipira sitini. Karibu arobaini imepinda kulia na kuishia kwenye nyasi ndefu. Kocha alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni, akihesabu. Nachukia akihesabu.

Mwishoni akasema: fimbo ikipanda niko vizuri, hana neno. Ikianza kushuka tu, kiwiko cha kulia kinatoka nje kama bawa la kuku. Kinatakiwa kishuke karibu na ubavu, kitangulie mbele ya nyonga. Na kifundo cha mkono kibaki kimekunjwa nyuma mpaka mpira uondoke. Mimi nakikunjua mapema, kana kwamba nachota maji kwenye ndoo.

Nimeelewa kila neno. Kiwiko ndicho hakijaelewa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimembebea Daktari wa Meno, kama kila Alhamisi. Ndiye aliyenipa fimbo zake za zamani, kwa hiyo anajiona ndiye mwalimu wangu. Kila shimo: "Bana kiwiko, mama! Bana!" Yeye mwenyewe kapoteza mipira minne.

Nikasema sawa, nitabana. Nikaenda kwenye chumba cha mikoba, nikatoa uzi na sindano, nikashona mkono wa kulia wa blauzi kwenye ubavu. Hapo kitakwenda wapi? Nikapiga mpira wa kwanza. Praaa! Blauzi imechanika mpaka kiunoni. Mkata nyasi alizima mashine ili acheke vizuri.

Nikarudi nyumbani nimejifunga sweta. Mume wangu kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi sikucheka. Zimebaki siku tisa!

Ijumaa, 8 Machi

Nimebana kwapani leso, halafu glavu, halafu kitabu cha hesabu cha kitinda mimba wangu. Fimbo inachimba ardhi. Kocha kapita, kaniangalia, kasema kubana ni kitu kimoja na kushuka ni kitu kingine, dada. Akaondoka zake! Nilitaka kumtupia kitabu.

Jumapili, 10 Machi

Lazima niandike haya kabla sijapoa.

Mchana nilikwenda kinyozini kwa mume wangu, maana Jumapili hafungui na kile kioo chake ni kirefu. Kitinda mimba alinipiga video kwa simu nikizungusha fimbo. Tukaitazama polepole, sote watatu vichwa vimegongana. Inapanda, sawa. Inashuka... na pale uzito unapohamia mguu wa kushoto, kiwiko hicho, nje!

Mume wangu akasema, "Rudisha." Ikarudishwa mara tatu. Kisha akaniuliza, "Mama watoto, hapo mbona kama umebeba kitu?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Nikachukua begi la fimbo, nikalitia begani mbele ya kioo, nikapiga hatua moja kwa mguu wa kushoto. Kiwiko kikatoka nje chenyewe. Ndivyo ninavyouzuia mkanda usiteleze! Mikoba ya zamani ina mkanda mmoja tu. Usipotanua kiwiko, begi lote linakuangukia kwenye paja wakati mtu anapiga, na siku hiyo umeumbuka. Makedi wa zamani wote tunatembea hivyo.

Kumbe kiwiko si kijinga. Kipo kazini. Kila uzito ukienda kushoto kinadhani tumeanza safari.

Nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia. Miaka kumi na sita naweka begi chini jioni, nadhani nimeliweka chini. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia kidogo. Mume wangu hakusema kwani kuna nini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemweleza Kocha. Akaniambia nitembee na begi, niende, nirudi. Akashika kiuno. "Nimekufundisha mwaka mzima sijawahi kukutazama ukitembea," kasema. Angalau kakiri.

Akasema nisipigane na kiwiko, nikipe kazi nyingine. Tukaenda bwawani. Kurusha vijiwe virukeruke juu ya maji, kwa mkono wa chini. Kumbe hapo kiwiko kinatangulia chenyewe, kifundo kinabaki nyuma, kisha kiganja kinaachia. Nimerusha mpaka giza likaanza kuingia. Kimoja kiliruka mara saba!

Kisha nikashika fimbo. Mipira kumi, minne imenyooka. MINNE!

Jumatano, 13 Machi

Daktari wa Meno kabadilisha siku, kacheza leo. Nimelibeba begi lake bega la kushoto. Shimo la pili tu akaanza: leo umesimama wapi, leo unanichanganya. Amezoea kunyoosha mkono bila kutazama na fimbo ipo. Leo alishika hewa mara mbili. Mara ya tatu alinishika sikio!

Aliniomba nirudishe begi kulia, mashimo machache tu. Nikasema hapana, Daktari. Sijawahi kumwambia hapana. Tukamaliza mashimo yote begi likiwa kushoto. Sasa najihisi vibaya, na najihisi vizuri, na siwezi kutulia popote. Nimefagia ua mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Kocha kakataza kupiga mpira leo. Nitafanya nini sasa? Nimefua hata mapazia.

Jumamosi, 16 Machi

Chumba cha mikoba. Saa nane na nusu mchana. Mvua inanyesha kama imetumwa.

Nimecheza mashimo kumi na saba, mapigo themanini na matano. Limebaki moja. Shimo la mwisho ni la mapigo manne, bwawa mbele. Nikipata matano, nimepita. Sita, basi tena.

Radi ilipopiga, tulikimbilia ndani. Kocha kaja na karatasi ya sheria. Mchezo usipoendelea hadi saa tisa, shimo lililobaki linahesabiwa mapigo yake ya kawaida, yaani manne. Themanini na tisa. Nimepita bila kupiga! Daktari wa Meno, ambaye alikuja kutazama (amekuja!), kanipiga bega: "Kaa hapo hapo, mama. Usisogee."

Nikakaa. Nimeiombea mvua hii kama mkulima.

Saa tisa kasorobo. Kocha karudi. Radi imeshapita mbali, kasema. Ukitaka kutoka na mvua, ruhusa. Ukitaka kusubiri, sheria iko upande wako. Nikamwuliza yeye angefanyaje. Akasema yeye hajaulizwa na sheria.

Mashimo ya mwanzo kiwiko kilishuka vizuri, nilikisikia kikipita mbele ya nyonga, nikataka kupiga kelele. Shimo la kumi na saba kilitoka nje tena. Kwa hiyo sijui. Sijui kama ni changu au bado ni cha begi.

Na Jumatatu darasa likianza, mwanamke mmoja ataniuliza, mwalimu, wewe ulifanyaje? Nitamwambia mvua ilinyesha?

Mume wangu kapiga simu. Nimeiacha ikaita.

Saa tisa kasoro dakika nane. Bado inanyesha, haijapungua hata tone. Daktari ananiambia kitu, simsikii. Glavu iko mkononi. Sikumbuki nimeivaa saa ngapi.