Vishikio Vinane Vyenye Msalaba

Jumamosi, Bwera. Mvua imenyesha tangu alfajiri na milima yote imejifunika. Nimefunga ofisi mapema, nimekaa kitandani na soksi mbili mbili, na hasira niliyonayo ni juu yangu mwenyewe.

Niandike tu, labda nitapumua.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa mpakani, upande wa Uganda. Mtu akivusha mzigo kutoka Kongo, mimi ndiye ninayemjazia fomu na kumtafutia namba ya ushuru. Watu hudhani ni kazi ya kunakili tu. Siyo. Chukua vifaa vya chuma: skrubu ina namba yake, kufuli ina yake. Na vishikio, hata vikiwa vya chuma kilekile, kitabu cha ushuru kinataka kujua vitafungwa kwenye nini. Vya mlango havikai pamoja na vya kabati, wala vya jeneza. Kwa hiyo swali la kwanza la wakala ni hilo: hii ni ya nini? Nimewafundisha kazi wasichana wawili, na swali hilo nililirudia hadi wakawa wananiigiza.

Jumatatu sikuliuliza.

Papa Kambale ni seremala. Alikimbia vita upande wa Beni, sasa ana karakana nyuma ya soko. Shemeji yake wa Butembo huagiza vifaa Uchina na kumpa sehemu, na miaka yote ni vilevile: bawaba, makomeo, vishikio vya milango. Mimi ni Biira, jina la binti wa pili, lakini yeye huniita Kavira kama wanavyosema ng'ambo ya mpaka, na hunitania kwamba sisi wawili, watoto wa pili kwa majina yetu, tulikuta nyama imeshaliwa. Jumatatu hakutania. Aliweka karatasi mezani, akasema ni vyuma vya kazi tu, akatazama sakafu. Nilijua mkewe, Mama Masika, amelazwa. Nilimhurumia, nikataka amalize haraka arudi hospitali. Nikafungua fomu ya mzigo uliopita, nikanakili, nikabadilisha tarehe. Vishikio vya milango. Basi.

Jumanne afisa wa forodha alifungua katoni, akaniita. Alikuwa ameshika kishikio kirefu cha rangi ya dhahabu, kimechorwa msalaba katikati.

"Madam, hii ni ya mlango gani?"

Hakuwa mkali. Alifanya kazi yake vizuri, mimi ndiye sikuifanya yangu. Maelezo yangu yalikuwa ya uongo, kwa hiyo mzigo ulizuiwa, nikatakiwa kuandika barua na kungoja kibali cha kurekebisha.

Nikapanda boda hadi hospitali. Papa Kambale alinivuta nje, mbali kabisa na dirisha la wodi, ndipo akasema.

"Ni ya sanduku ya Masika. Ni yeye mwenyewe aliomba. Sasa mimi nitasema namna gani, na mutu angali anapumua?"

Nilimwelewa. Kwetu pia hakuna anayetaja jeneza la mgonjwa, ni kama kumfungulia kifo geti. Hata ubao mmoja alikuwa hajaukata, yeye seremala. Ndiyo maana ningepaswa kukaa naye taratibu Jumatatu, nifunge mlango wa ofisi, nimuulize.

Akanieleza pia sababu. Wazazi wa Masika na kaka yake waliuawa kule, wakazikwa kwa haraka, wamezungushiwa turubai na kuvutwa kwa kamba. Masika aliyaona. Alichomwomba mumewe ni kitu kimoja: mimi, watu wanishike na mukono. Halafu Papa akaniuliza mzigo umekwamia wapi.

Nikamwambia forodha wana kazi nyingi wiki hii.

Nilidanganya. Mtu amesimama nje ya wodi ya mkewe, nami nilikuwa naokoa jina langu.

Jumatano nilishinda kwenye benchi la forodha na barua yangu mapajani. Alhamisi asubuhi Mama Masika alifariki. Ijumaa tulimzika. Papa Kambale alitengeneza jeneza mwenyewe, mbao nzuri, akalipiga randa hadi likawa laini kama meza ya altare. Ubavuni akatoboa matundu, akapitisha kamba. Wanaume walipoinua, kamba moja iliteleza, jeneza likainama, na Papa akaingia chini yake kwa bega. Nililia mpaka mama mmoja akanishika kiuno, akidhani mimi ni ndugu wa marehemu. Sikumwambia mimi ni nani.

Kibali kimetoka leo saa tatu. Nilirekebisha fomu, nikaandika neno lile linalotakiwa, nikapata namba sahihi, bila kosa hata moja.

Papa alikuja amelowa. Alivipanga vishikio mezani kwangu, vinane, akavifuta maji kwa mkono wa shati.

"Kavira, unaweza kurudisha ile karatasi ya siku zote? Ile ya mulango?"

Nilidhani amejua, ananisuta. Hakuwa akinisuta.

"Nitaiweka ku milango ya nyumba. Nyumba ilikuwa yake. Kila asubui nitakuwa nashika."

Nilimwambia fomu imeshafungwa, haibadiliki tena. Akasema si kitu. Kisha akanishukuru. Akasema wiki nzima nimehangaika kwa ajili yao kama mtoto wa nyumbani, Mungu anilipe.

Hayo ndiyo maneno yanayoninyima raha tangu asubuhi.

Papa hasomi Kiingereza, karatasi zile hazitamwambia chochote. Naweza kunyamaza, naye ataendelea kuniita Kavira na kuniletea mizigo yake. Nimelifikiria hilo leo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kesho baada ya misa nitakwenda kwake. Nitamwambia si forodha, ni mimi, na swali lenyewe lilikuwa la maneno manne. Ninavyomjua, atakuwa ameshavifunga. Nitaukuta msalaba mlangoni, kwenye urefu wa mkono wangu.

Sitakishika kishikio. Nitabisha, nisubiri afungue mwenyewe.