Siku Tulipobishania Vitabu

Kabwe,
14 Machi

Kwako Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa mvua zinapopungua. Mama hajambo? Mdogo wangu Likando aliniambia kwa simu kwamba maji yamefika mpaka nyuma ya shule, na ng'ombe wamekwisha kuhamishiwa juu. Nimemwaza sana yule ndama mwenye baka. Mimi huku ni mzima wa mwili, nakula, nalala. Chipego, yule Mtonga ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu, na kwa utani wa makabila yetu anasema sisi Walozi tukimaliza kuogelea majumbani mwetu tumkumbuke kwa samaki.

Nina habari ndefu kidogo, Baba, kwa hiyo kaa vizuri.

Mwezi uliopita Mkuu wa chuo, Bi Kasonde, alituita sote ukumbini, wanafunzi na wakufunzi. Jambo lenyewe lilikuwa vitabu. Maktaba yetu ina nakala chache mno; tunapokezana kama watoto wenye baiskeli moja, na ukikipata kitabu unakuta ukurasa unaoutaka umechanwa na waliokutangulia. Bi Kasonde alitaka kozi zote zianze kutumia vitabu vya kidijitali, vya kusomwa kwenye simu, au kwenye kompyuta za maktaba kwa asiye na simu. Akaomba kila mtu aseme bila woga.

Aliyesimama kwanza ni Bwana Hamoonga, anayetufundisha saikolojia ya watoto. Ungempenda. Ni mzee wa suti ya kijivu, na kitabu chake hukibeba kwapani hata akienda kula.

“Umeme wenyewe tunauona kwa zamu,” alisema. “Simu ikizima mtasoma nini? Giza? Na huyo atakayefungua kitabu kwenye simu, kabla hajamaliza aya atakuwa ameshahamia kwenye picha za harusi ya shangazi yake.”

Tulicheka, kwa sababu ni kweli. Akasema kitabu cha karatasi hakiombi chaji, na mtu huwaachia wanawe. Ukumbi ukampigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Chipego akanifinya paja. “Wewe makofi ya nini?” akaninong'oneza. “Simama useme. Usiposema wewe, nasema mimi.”

Hapa, Baba, ndipo panaponiwia vigumu kuandika.

Nilisimama. Nilisema namheshimu Bwana Hamoonga na kitabu chake, lakini kitabu chenyewe sikioni. Watu wakadhani natania. Bwana Hamoonga naye akatabasamu, akaninyooshea kitabu na kusema, “Njoo basi ukione.”

Nilikwenda. Nikakifungua mbele ya watu wote, nikakileta mpaka kwenye ncha ya pua, nikakisogeza pembeni, kama ninavyofanya chumbani mpaka Chipego huniuliza iwapo sisi Walozi tumezoea kunusa samaki hata tunanusa na vitabu. Nilisoma neno la kwanza. Nikatafuta la pili. Kicheko kikafifia. Sikufika mwisho wa mstari.

Chipego akaja mbio na simu yake. Tulikuwa tumetumiwa sura moja ya kitabu kilekile, ya majaribio. Akaikuza mpaka kila herufi ikawa kama kidole gumba changu, nyeupe juu ya weusi. Nikasoma, Baba. Nikasoma aya nzima kwa sauti, habari za mtoto anayejifunza kutembea, bila kukwama. Kisha Chipego akabonyeza mahali, na simu ikaendelea kusoma yenyewe kwa sauti ya mwanamke asiyechoka, na ukumbi mzima ukamsikiliza.

Bwana Hamoonga alinisogelea, akaniuliza taratibu, “Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Mwaka mzima nimekuwa nikikuita mvivu.”

Nikamrudishia kitabu chake. Akawageukia watu, akasema neno lake la umeme halifuti, kwa hiyo vitabu hivyo vipakuliwe mapema ili visomeke bila mtandao, vya karatasi vibaki kwa wanaovipenda, na chuo kitafute umeme wa jua kwa ajili ya maktaba. Ndivyo ilivyokubaliwa.

Sasa umeshajua. Nimekuzungusha kwa sababu njia ya moja kwa moja ilinishinda. Daktari wa macho alinipima mwezi wa nane mwaka jana. Ugonjwa uko nyuma ya jicho. Pembeni naona, katikati ndipo pana wingu, na miwani hailiondoi. Alisema huenda likatanuka polepole. Kupona hakuniahidi. Hata barua hii nimeipiga kwenye kompyuta kwa herufi kubwa, kisha Chipego akazipunguza kwenye nakala yako.

Sikukuambia kwa sababu ya Shangazi Mbololwa. Macho yake yalipofifia hakuna aliyemtendea ubaya, nyote mlimpenda. Mlimkalisha kivulini, mkamletea karanga za kumenya, na kila alipotaka kuinuka mtu alimwambia, “Kaa tu, dada, tutakufanyia.” Alikaa mpaka akasahau njia ya kisimani. Niliogopa mapenzi hayo, Baba. Niliogopa utakuja kunichukua kwa mapenzi hayohayo, nami nisingeweza kukukatalia.

Nakuomba usije kunichukua. Mtihani wa muhula nimeufanya kwa kukuza herufi na kusikiliza, na jana Bwana Hamoonga alinirudishia karatasi yangu, ameandika kwa kalamu nene maneno mawili yaliyojaza ukurasa: VIZURI SANA. Nimeyasoma mwenyewe.

Mama mwambie wewe, polepole, akishakula, wala asianze kulia kabla hujamaliza. Likando mpe salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia.

Nikija likizo usitume mtu wa kunishika mkono. Njoo wewe. Tutembee ubavu kwa ubavu, unisimulie nani kajenga, nani kahama, na nani bado anakudanganya kuhusu idadi ya ng'ombe wake. Na ukiona nimekosea njia, Baba, subiri kwanza niitafute, ndipo uniite.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Namakau