Mto Chini ya Kitanda cha Mama

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu, wewe na shemeji na wale pacha wako watukutu. Natumai mgongo wako umepungua kuuma na shemeji amepungua kukoroma, ingawa najua kimoja kati ya hivyo hakina dawa. Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, na ukiona anagomba ujue presha imetulia.

Kazi yangu imepamba moto. Uliniacha nikiwa mshika spana wa mafundi bomba. Sasa nafunga hizi mita janja za maji, nilizojifunza mwenyewe kwa kusoma vijikaratasi vinavyokuja ndani ya boksi. Zamani watu wakimwona msoma mita walimfungulia mbwa. Leo wananivuta shati njiani. Mwenye saluni, mwenye bucha, mwalimu mkuu, kila mmoja anataka mita inayompelekea habari za maji yake kwenye simu. Juzi mzee mmoja kanunua ya kwake na bomba bado halijafika mtaani kwao. Nilipomuuliza itapima nini, akasema nifunge tu, majirani waione.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka bili ya maji pale nyumbani hugawanywa kwa vichwa. Mama hupita vyumbani kuhesabu wapangaji, na siku hiyo wageni wote huwa wamepita tu kusalimia, na mume wa mwalimu wa chekechea huwa kasafiri, japo viatu vyake viko mlangoni. Basi bili ikaanza kupanda kila mwezi, na macho yote yakamwangukia dobi wa chumba cha mwisho, yule tunayemwita Mama Povu. Fundi cherehani, mpangaji mwenzake, akasema mwanamke huyo anafua mpaka mawingu. Mama Povu akajibu kwamba angalau yeye anafua, kuna wengine shati lao likivuliwa linasimama lenyewe. Ua mzima ukaangua kicheko isipokuwa Mama. Akampa notisi: mwezi ukiisha, ahame.

Dada, yule ni mjane, na wateja wake wote wako mtaa huu huu. Angekwenda wapi na yale mabeseni? Akaacha kabisa kutania watu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamwomba Mama anikubalie nifunge mita janja, moja kwa kila chumba na moja kubwa pale bomba linapoingia uani. Akasema wajanja anao wa kutosha mle ndani. Nikamwambia kama dobi ana hatia, mita itasema mbele ya watu. Hapo akakubali upesi sana.

Jumapili mchana nikawaomba wote wafunge bomba watoke nje. Mama Povu alikaa juu ya beseni alilolipindua, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri hukumu. Nikafungua simu, wakanizunguka. Chumba cha dobi, maji yanayopita saa hiyo, sifuri. Cha fundi cherehani, sifuri. Vyumba vyote, na cha Mama pia, sifuri. Kisha nikafungua mita kubwa, na tarakimu zilikuwa zinakimbia. Fundi cherehani akaenda mwenyewe kukagua bomba za wenzake, akarudi akasema zote zimefungwa. Maji yalikuwa yanaingia, Dada, na hakuna aliyekuwa anayapokea.

Nikachukua nondo, kama mafundi wa zamani: ncha moja sakafuni, ya pili sikioni. Uani, kimya. Ukumbini, kama mtu anapumua. Chumbani kwa Mama, ubavuni mwa kitanda, nywele zilinisimama. Nilitarajia matone. Nilichosikia kilikuwa mto, unanguruma taratibu gizani kama una safari yake na hauna habari na sisi. Nikampa mwingine nondo, naye mwenzake, wakapanga foleni bila kuambiwa. Fundi cherehani alivua kofia.

Mama alikuwa wa mwisho. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema polepole kwamba sauti ile anaijua, analala nayo siku nyingi. Alidhani ni masikio yamezeeka, akaona haya kutuambia.

Tulipovunja sakafu tukakuta bomba kuu limepasuka na udongo wote umekwenda. Chini palikuwa na pango la kuingia kabati la nguo. Kitanda, Mama na ndoto zake vilikuwa vimebebwa na saruji nene kama kiganja. 

Wa kwanza kulibeba godoro la Mama alikuwa Mama Povu. Akalipeleka moja kwa moja chumbani kwake, hakumwomba mtu ruhusa. Mama akamfuata, akasema mbele ya wote kwamba amemkosea na ile notisi imekufa. Mama Povu akamjibu kwamba ameyasikia, ila mgeni naye ni kichwa, ajihesabu kwenye bili.

Ninalotaka kukuambia, na libaki kwetu, ni hili: bomba limekwisha kutengenezwa, na sakafu mpya imekauka zamani. Kila asubuhi Mama huniuliza kama imekauka, nami nagonga kwa kisigino, nainamisha kichwa kama daktari, nasema bado. Siku hizi yeye na Mama Povu wanakunja mashuka ya wateja pamoja na kuuchambua mtaa nyumba kwa nyumba, na kicheko cha Mama nakisikia mpaka barabarani. Tangu Baba atutoke sikuwahi kukisikia. Nilijiona mjanja, mpaka jana Mama aliponiita pembeni, akaniagiza nisiharakishe, kwa sababu saruji ya siku hizi haiaminiki.

Kwa hiyo ukipiga simu, uliza habari za sakafu, na sauti iwe na wasiwasi kidogo. Wabusu pacha, msalimie shemeji. Mama anakusalimu, na mwenyeji wake pia.

Wako akupendaye,
Kitinda mimba