Tano Katika Mia: Moto wa Dukani kwa Yahaya

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tabora, 25 Septemba 1957

Jina: Eustadia binti Nikolaus. Umri: miaka 36 kwa kukisia. Kazi: muuza vitumbua. Makazi: Kanyenye. Ameapa kwa dini yake, Mkatoliki.

Nakaanga vitumbua barazani kwa Bwana Yahaya, Gongoni. Yeye hununua hati za wauza nta. Tajiri akichukua nta hatoi fedha, hutoa hati ya kulipwa baada ya miezi mitatu. Mwenye shida humpelekea Yahaya, naye humlipa papo hapo akikata shilingi tatu katika mia. Hiyo ndiyo faida yake ya kungoja.

Mnamo tarehe 24 Septemba, saa mbili asubuhi, alianza kukata tano. Nilimsikia akiwaambia watu, "Nami hati hizi nazipeleka benki, na benki wananikata. London wamepandisha riba, benki wamepandisha, mimi nifanyeje? Asiye na haraka akae na hati yake, siku ikitimia atalipwa mia yake kamili." Hawakumwelewa. Waliona hati inaliwa, leo tano, kesho kumi. Wakaitana. Kufika saa sita baraza imejaa, kila mtu anataka kuuza leo leo, hata wale ambao hati zao zinatimia wiki hii hii. Fedha zilipomwishia wakasema amezificha.

Niliogopa, nikaingia ndani. Yahaya akafunga mlango akauegemea kwa mgongo. Akaniambia, "Dada, nisemee, wewe ni mwenzao." Sikumsemea, nikajibanza pembeni. Bwana koplo, hofu ile sijaipata hata siku ya kujifungua.

Nikasikia harufu ya mafuta ya taa. Mtu akaniita dirishani, "Mama Getruda, pitia uani sasa hivi." Nikapita, nikakimbia, sikumwita Yahaya. Nilipogeuka paa linawaka. Majirani walimtoa Yahaya akiwa hai, lakini leo alfajiri nimeambiwa amefariki.

Umeniuliza mara tatu aliyeniita ni nani, nami nalia tu. Getruda ni binti yangu. Aliyeniita ni baba yake, Damas, mume wangu, naye ni muuza nta kama wale, na kibiriti kilikuwa mkononi mwake. Ndiye aliyenisindikiza hapa. Amekaa kwenye benchi nje, ananisubiri twende nyumbani.

Niliyoyaona ni hayo, na nimeyasema kwa hiari yangu.

(Alama ya dole gumba la shahidi)

Nimemsomea maelezo haya kwa Kiswahili, amekiri ni sahihi. Nilipotoka kumkamata Damas, benchi lilikuwa tupu. Shahidi ameomba kulala kituoni.
Koplo Masolwa