Kiti cha Nyuma

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa mifuko ya saruji.

Kigari chetu kilipozidi kunywa mafuta kama mlevi, nilikuambia ujaze matairi upepo, ukanyage mafuta taratibu, na utoe kiti cha nyuma gari liwe jepesi. Ukanijibu, "Kaka, kiti hicho hakitoki." Nikakuita kichwa maji.

Jana jirani yetu wa huko nyumbani, fundi rangi, alipata kibarua hapa tunapojenga. Nikamlalamikia habari ya mafuta na kiti unachokataa kukitoa. Akanitazama: "Kwani hujui? Kila wiki mama yenu hulazwa kwenye kiti hicho, mdogo wako anampeleka hospitali ya mbali kusafishwa damu."

Koleo likaniponyoka. Juzijuzi Mama aliniambia kwenye simu, "Mimi sijambo mwanangu, nimenenepa miguu tu." Nami nikacheka, nikamwambia apunguze kula.

Kiti kibaki. Ule mwendo wa taratibu niliokufundisha kwa ajili ya mafuta, sasa uwe kwa ajili yake. Nimeshaomba ruhusa, nakuja. Safari ijayo nitakaa nyuma, alaze kichwa mapajani mwangu.

Kaka yako mjinga