Puto Lililofuliwa Kwa Sadala

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa mtaani Soweto hatujambo, ila goti la bibi yako bado linamsumbua. Umeuliza kwa nini, nilipokuwa mwandishi wa habari, sikuandika gazetini chanzo cha ajali ya lile puto la watalii.

Lilitua vibaya kwenye mahindi ya Mama Eliamini, chini ya mji mdogo wa Kwa Sadala, na rubani akavunjika mguu; akina mama wa jirani wakamwokoa. Alisema kamba ya kutolea hewa ilikwama. Mwajiri wake akasema hakuivuta kabisa. Kazi ya rubani ilitegemea ukweli wa kamba hiyo.

Kesho yake nilifika na mchunguzi, tukakuta akina mama wamefungua kamba zote, wamefua kitambaa na kukikunja vizuri.

“Nani aliwaambia mguse?” mchunguzi akauliza.

“Baba, ni mali ya mgeni,” Mama Eliamini akajibu. “Tungemrudishia na matope?” Kisha akamletea mtori, supu nzito ya ndizi.

Kwa kuwa kamba zilishafunguliwa, chanzo hakikujulikana, na rubani akafukuzwa. Alipopona alikuja kuwashukuru akina mama kwa kumwokoa. Wakamuuliza kama kitambaa kilitakata.

“Kilitakata sana, mama,” akasema.

Jibu hilo liliniudhi, Neema. Mpaka leo sijapata lililo bora kuliko hilo.

Babu yako