Mlango Usio na Sikukuu

Chiayi, Mosi ya Mwaka Mpya

Kaka Kun-hung,

Salamu kwako na kwa wifi. Umeuliza wifi, ambaye hajazoea desturi za huku, aje lini kututembelea. Asije wiki ya mwaka mpya: benki, ofisi, hata duka la tambi pale kona, vyote vimefungwa. Siku za kawaida ofisi ni asubuhi hadi jioni, ila mchana taa huzimwa watu wasinzie kidogo. Asije akadhani kuna msiba.

Sisi wazima, kasoro Baba. Tangu chai ya asubuhi anashika kifua, na jasho linamtoka kwenye baridi hii. Nikamwambia twende hospitali.

"Mosi ya mwaka? Unaniombea niugue mwaka mzima?" akafoka. "Unalofanya leo ndilo utakalofanya mwaka mzima! Hata dawa usinipe!"

"Baba, midomo yako imebadilika rangi."

"Nenda kamenye machungwa!"

Nikaenda, kaka, maana unamjua. Niliporudi alikuwa amefumba macho kitini, na fataki za jirani zinalia hata nisisikie kama anapumua. Nikapiga simu kwa kunong'ona, kama mwizi. Sasa nimekaa miguuni pake, nakuandikia ili nisipige mayowe.

Mwambie wifi watu wa gari la wagonjwa hawana sikukuu. King'ora chao nakisikia, kimefika pale kona. Baba naye amekisikia. Amefumbua macho, ananikodolea.

Atanigombeza. Naomba anigombeze mwaka mzima.

Mdogo wako,
Hsiu-yun